Machujio Manne ya Chai na Transista Kumi

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita hapa Mbeya, katika ukumbi mdogo karibu na soko la Mwanjelwa, mbele ya mafundi redio, wapiga vinanda wa kwaya na vijana wa studio. Wengi ambao hawakufika wameniomba niyaweke yote. Picha za ukutani nimeziacha. Waliokuwepo wanajua kwamba projekta yenyewe ilitusumbua, na tukaendelea vizuri tu bila hiyo.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa kwaya, shikamooni. Mafundi wenzangu, poleni na kazi. Vijana, mambo? Mliotoka Iringa na Makambako, kamwene. Wa Tukuyu na Kyela, mwaghonile.

Hiki kibati mnachokiona mezani kina voliumu tatu, matundu manne ya waya na taa moja nyekundu. Nimekuja nacho kutoka dukani kwangu Uyole kwa bajaji, nimekipakata mapajani kama mtoto. Dereva akaniuliza, "Fundi, hiyo redio?" Nikasema si redio. "Amplifaya?" Si amplifaya. "Basi kinanda." Si kinanda. Akanyamaza mpaka tunafika viwanja vya Nane Nane, kisha akasema, "Sasa mzee wangu, kinafanya nini?" Nikamwambia kinachuja. "Kinachuja nini?" Sauti. Hakuuliza tena. Nadhani alianza kuwa na wasiwasi na nauli yake.

Kwa hiyo leo nitajibu swali la yule kijana. Na nitajibu swali jingine, ambalo wateja wangu wananiuliza kila siku kuhusu kila kitu: hii ni orijino au feki?

Kwanza, hebu tufanye jambo moja pamoja. Wote, semeni "uuu". Ndefu. Sasa bila kukata pumzi, bila kubadili koo, badilisheni mdomo tu: uuu, aaa, iii. Tena. Uuu, aaa, iii. (Ukumbi mzima uliimba. Mlinzi alikuja kuchungulia dirishani.)

Mmesikia? Koo halikubadilika. Sauti ya koo ni ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ndani yake zimo sauti nyingi kwa pamoja, nzito na nyembamba. Kilichobadilika ni mdomo. Mdomo unaziachia hizi, unazibana zile. Ukitaka kujua chujio la sauti ni nini, unalo, umezaliwa nalo, na umekuwa ukilitumia tangu siku ya kwanza uliposema "mama".

Kibati hiki kinafanya kazi ya namna hiyo, ila kwa mpango rahisi zaidi. Kina mpaka mmoja. Sauti zilizo chini ya mpaka zinapita. Zilizo juu ya mpaka zinazuiwa. Ukizungusha voliumu hii ya kwanza, mpaka unapanda au unashuka, na wewe unasikia kama mtu anafungua na kufumba mdomo.

Mimi ni mtoto wa Rungwe, nimekulia kwenye chai. Mama yangu alikuwa na chujio la bati lililochoka, matundu yake yamepanuka. Siku za kawaida alichuja mara moja na tukanywa na makapi yetu. Wakija wageni alichuja mara mbili. Akija mchungaji, mara nne. Chujio lile lile, ila chai ya mchungaji ilikuwa safi kama imetoka hotelini.

Sasa shikeni hesabu hiyo ya mchungaji. Chujio moja dogo la umeme, resista moja (inayobana umeme) na kapasita moja (inayotunza chaji), ni dhaifu. Ukishauacha mpaka wake kwa mbali kidogo, kila ukipanda oktava moja, yaani kutoka do hadi do ya juu, linakupunguzia sauti kwa nusu tu. Nusu si kitu, sikio halishtuki. Lakini yapange manne, moja baada ya jingine. Nusu ya nusu ya nusu ya nusu. Ni ngapi? (Kijana mmoja wa mbele alijibu upesi.) Naam, moja ya kumi na sita, kwa kila oktava. Wenye vitabu wanaandika desibeli 24 kwa oktava. Mimi naita chai ya mchungaji.

Sasa tatizo ni hili. Kuchuja mara nne si kazi ngumu, fundi yeyote hapa anaweza leo jioni. Kazi ni kuuhamisha mpaka wa machujio yote manne kwa pamoja, kwa mara moja, kwa umeme, bila mkono wa mtu. Kwa sababu mpiga kinanda anataka kila noti ianze imefunguka na kujifunga yenyewe. Hana mikono mitano.

Aliyelifungua fundo hilo ni Mmarekani, Robert Moog. Na vijana, nataka mnisikilize hapa. Alianza kama sisi. Akiwa na miaka 14 alijenga theremini, ala ile inayopigwa bila kuguswa, kwa kufuata michoro ya gazeti la mafundi. Alinakili! Baadaye akawa anauza theremini za kujiungia mwenyewe. Na mashine zake kubwa za kutengeneza sauti kwa umeme, sinthesaiza, zilizoanza mwaka 1964, hazikutoka katika jumba la vioo la New York mjini. Karakana yake ilikuwa Trumansburg, kijiji tu cha jimbo hilo. Chujio lake aliliombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, akapewa mwezi Oktoba 1969. Katika mashine zile kubwa liliitwa 904A. Mwaka uliofuata likaingia, kwa umbo dogo, ndani ya kinanda cha Minimoog.

Wazo lake nalipenda kama ninavyopenda mchezo mzuri wa bao. Sisi sote tunajua transista inakuza sauti. Yeye akaitazama kama resista. Ule mlango kati ya besi na emita, miguu miwili kati ya mitatu ya transista, una ukinzani wake mdogo, na ukinzani huo unafuata mkondo unaopita. Pitisha miliampea 1, utapata kama omu 26. Punguza mkondo mara kumi, utapata omu 260. Mnaona? Ni voliumu inayozungushwa na umeme! Basi akazipanga transista mbili mbili, kama ngazi: miguu miwili ya ngazi ni transista, na kila kidato ni kapasita. Vidato vinne, jozi nne, na jozi ya tano chini kabisa inayopokea sauti. Transista kumi. Mkondo mmoja unapita ngazi nzima, kwa hiyo ukiubadilisha mkondo huo, machujio yote manne yanahama pamoja.

Watu wakaanza kuiga. Kampuni ya ARP ya Marekani iliweka ngazi ya namna hiyo kwenye sinthesaiza yao ARP 2600, Moog wakalalamika, na ARP wakabadili wakatumia chujio jingine. Waingereza wa EMS walitumia dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, badala ya transista katika sinthesaiza yao VCS3. Wajapani wa Roland nao wakaja na ngazi ya dayodi katika mashine yao ya besi, TB-303. Hataza za Marekani za wakati ule zilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo hii ilikwisha 1986. Anayeijenga leo haibi kitu cha mtu. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna mzee hapa alinitazama kwa jicho fulani nilipotaja neno "kuiga".

Sasa tuje Uyole, mezani kwangu.

Mchoro nilikuwa nao. Transista nilikuwa nazo, zimejaa kwenye kopo la maziwa: za redio kaseti, za sabufa, za televisheni za mgongo. Nikasema nini kigumu? Nikazipanga kumi, nikachoma risasi, nikaunganisha sauti ya wimbi la meno ya msumeno, nikawasha. Kimya. Nikapima umeme, upo. Nikapima tena. Kimya. Siku tatu, ndugu zangu. Mke wangu akaniuliza kama hicho kitu kinadai fedha.

Siku ya nne ndipo nikaona aibu yangu. Mchoro ulitaka BC547. Mimi nilikuwa nimechanganya na C945, kwa sababu kazini zinafanana, zote za aina ya NPN, zote ndogo. Lakini miguu haifanani! Mkiitazama BC547 upande wa uso bapa, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C945 ni emita, kolekta, besi. Nina miaka mingi kwenye kazi hii, jambo hili nawafundisha vijana wangu wiki ya kwanza, na mwenyewe nimelisahau kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusikia. Nikazing'oa zote.

Nikazifunga upya sawasawa, nikawasha, sauti ikatoka. Nikapiga kelele peke yangu pale dukani. Lakini furaha haikumaliza saa. Kila nilipobonyeza noti, kabla ya sauti, kilisikika kishindo: bup. Noti nyingine: bup. Kama mtu anapiga godoro kwa ngumi. Nikiinua mpaka kwa haraka, bup. Nikiushusha, bup.

Nani anajua kishindo kile kinatoka wapi? (Fundi mmoja wa Tunduma alisema "kapasita inavuja". Si kubahatisha kubaya.) Kinatoka kwenye jozi. Ngazi ina miguu miwili, na sauti ni ile tofauti kati ya mguu wa kulia na wa kushoto. Mkondo wa kuhamisha mpaka unapita miguu yote miwili, kwa hiyo kama transista zinafanana, unajifuta wenyewe, hausikiki. Kama hazifanani, mguu mmoja unachukua zaidi, na tofauti hiyo inatoka kwenye spika kama sauti. Na zisifanane kwa kiasi gani? Kidogo sana. Tofauti ya milivolti 18 tu kati ya besi na emita inatosha transista moja ipitishe mkondo mara mbili ya mwenzake. Milivolti 18!

Basi nikakaa chini kupima moja moja. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana nimejifunza zaidi kwenye asubuhi ile moja kuliko kwenye kazi nzima.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mnajua Mbeya ya mwezi wa saba, tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, saa moja asubuhi unaongea na moshi unatoka mdomoni. Nikaweka mita kwenye alama ya dayodi. Nikaishika transista ya kwanza kwa vidole, nikagusisha nyaya: milivolti 691. Nikachukua kalamu niandike. Kutazama tena, 688. Nikasubiri itulie. 684. 679. 673. Inashuka mbele ya macho yangu kama mafuta ya bodaboda. Nikasema mita imekufa betri. Nikabadili betri. 692, 687, 681. Nikasema basi transista ni mbovu. Nikachukua nyingine: hali ile ile. Ya tatu, hali ile ile.

Nikaiweka mezani nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaigusa kwa ncha za nyaya tu, bila kuishika: 691. Imetulia kama maji ya mtungi.

Vidole vyangu! Transista inapopata joto, ile volti yake inashuka karibu milivolti 2 kwa kila digrii moja. Asubuhi ya baridi, vidole vyenye joto, digrii tisa tu, tayari zile milivolti 18 zimepotea. Nilikuwa sipimi transista. Nilikuwa napima mkono wangu.

Kuanzia hapo nikatumia vibanio vya nguo vya mbao. Ubao wenye misumari miwili, kibanio, transista, subiri dakika tano, soma, andika namba kwenye kipande cha plasta, bandika kichwani. Mlango umefungwa, mtu haingii. Mwanafunzi wangu alikuja kunisalimia kwa karibu nikamwambia rudi nyuma, pumzi yako ina joto. Akadhani nimerukwa na akili. Tulipima 60 kwa siku mbili, za kopo na mpya za kutoka Kariakoo zilizokuja na basi. Kati ya zile mpya zilikuwemo ambazo zimeandikwa BC547 lakini ukizipima unajua aliyeziandika hakuzijua. Hizo nikazitupa. Tukapata jozi tano zinazofanana mpaka milivolti moja. Zile mbili bora kabisa nikaziweka chini, inapoingia sauti, na juu, inapotokea. Huko ndiko kosa linapouma zaidi. Katikati unaweza kusamehe kidogo.

Nikawasha. Nikabonyeza noti. Bup haikuwepo.

Sasa niwaambie kuhusu orijino na feki. Transista za Moog za miaka ile sina, na sizitafuti. Kuna watu duniani wanalipa fedha nyingi kupata transista ya zamani yenye jina lile lile, kisha wanaifunga bila kuipima. Kwa maoni yangu hao ndio wenye feki, hata kama kila kifaa ndani ni cha mwaka 1969. Feki inaiga jina na jalada. Sokoni kwetu tunazijua: spika imeandikwa jina kubwa, ukifungua ndani sumaku ni kama kifuniko cha soda. Mimi nimeiga kile kinachofanya kazi: jozi zinazolingana, kapasita nne za plastiki zinazolingana, mkondo mmoja. Na kwenye bati langu sikuandika jina la mtu. Tazameni, limeandikwa CHUJIO tu, kwa kalamu ya rangi ya kucha ya binti yangu.

Kijana wa studio ataniambia, mzee, mbona kuna programu kwenye simu inafanya hivyo hivyo? Ipo, na nyingine ni nzuri. Ukitaka sauti tu, tumia hiyo, usiteseke.

Lakini kuiga kuna mtihani mmoja mgumu, nao ni kasoro. Uige na kasoro au uzirekebishe? Voliumu hii ya pili inairudisha sauti ya mwisho kwenye mwanzo wa ngazi. Mafundi wa kanisani mnajua maiki ikisikia spika yake inavyopiga mluzi. Ni jambo la ukoo huo huo. Pale kwenye mpaka, sauti inayotoka imebaki robo ya iliyoingia, kwa hiyo ukiikuza mara nne kabla ya kuirudisha, chujio linaanza kupiga mluzi lenyewe, bila kupewa sauti yoyote. Tamu sana. Ila kuna gharama: kadiri unavyoirudisha, besi inapungua. Ngazi ya Moog ndivyo ilivyo.

Nilimpa mama mmoja mpiga kinanda wa kwaya ajaribu. Yupo hapa, simtaji. Akazungusha ya pili, akasimama. "Fundi, besi imekwenda wapi?" Nikaona haya, nikamwahidi kurekebisha. Na marekebisho yapo, ni resista chache tu, unailisha sauti zaidi pale mluzi unapopanda. Nikafanya, nikajipongeza, nikamrudishia. Akapiga, akapiga, akaitazama ile voliumu. "Besi imerudi," akasema, "lakini sasa haiimbi. Ilikuwa kama mtu anayejibana koo ili afike juu. Sasa ni kinanda tu." Nikarudi Uyole, nikaweka swichi, hii hapa ubavuni. Juu ni kwa ajili yangu mimi, chini ni kwa ajili yake. Tangu siku hiyo sijawahi kuikuta ikiwa juu.

Bado jambo moja, na ni baridi tena. Mara ya kwanza nilitumia transista moja tu kuubadili umeme wa kinanda uwe mkondo wa ngazi, kwa kanuni ya volti 1 kwa oktava, yaani kinanda kikiongeza volti 1, mpaka unapanda oktava moja. Asubuhi nikaulinganisha mluzi na kinanda, sawasawa kabisa. Saa nane mchana, jua limepiga bati la duka, mluzi umepanda karibu oktava nzima! Hamhitaji nieleze, mmeshaijua hesabu ya milivolti 2 kwa digrii. Kosa lilikuwa lile lile la vidole, safari hii vidole ni vya jua. Dawa yake ni kuioza transista ile. Nikaipa mwenzake aliyepimwa, nikazifunga mgongo kwa mgongo kwa uzi na gundi, moja ikipata joto na nyingine inapata, na makosa yao yanafutana. Inabaki tofauti ndogo, kama theluthi moja ya asilimia kwa kila digrii, ambayo inauma zaidi kadiri mpiga kinanda anavyokwenda mbali na noti uliyoanzia kulinganisha. Ipo resista maalumu ya kuitibu hiyo, nimeiagiza, haijafika.

Kwa hiyo nakiwasha nusu saa kabla ya ibada, kipate joto lake. Leo nimekiwasha mlipokuwa mnaingia. Mama, njoo tafadhali ukae kwenye kinanda. Nimeulinganisha mluzi wake na noti ya "la" ya katikati, swichi iko chini kama unavyopenda.

Na wewe mzee wangu wa nyuma, samahani, nisaidie kuufunga huo mlango. Upepo wa mlima Loleza ukiingia hapa, tutaimba nusu noti chini.